Picha ya familia mwezi Desemba: panga kwa kumfuata mama

Swali: Kaka, Desemba hii familia yetu yote inakutana Dar es Salaam kwa mara ya kwanza tangu baba atutoke. Tuko 19: mama, ambaye ana miaka 78, anatembea kwa mkongojo na havumilii jua, watoto wake sita, wakwe wanne, na wajukuu wanane, mdogo kabisa ana mwaka mmoja na nusu. Dada yetu anatoka Muscat, wengine Mwanza na Dodoma. Mimi nimepewa kazi ya kuandaa picha ya familia. Nilifikiria Coco Beach, tarehe 26, saa 9 alasiri, jua likiwa bado kali ili picha zing'ae, na wote tuvae sare ya kitenge. Mdogo wangu anataka picha ya baba iunganishwe na yetu kwa kompyuta. Mama anaishi Tabata, kwenye nyumba aliyoijenga baba, ina ua na mwembe. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, umetaja umri wa mama na mkongojo wake kabla ya kutaja ufukwe wala kitenge, na hapo ndipo pa kuanzia. Kati ya watu 19 wapo wawili tu ambao hawawezi kuifuata ratiba ya mtu mwingine: mama na huyo mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Wengine 17 wanaweza kuamka alfajiri, kusimama muda mrefu, kupanda gari mara mbili na kuvumilia joto. Kwa hiyo mahali, saa, viti, mpangilio na hata nguo viamuliwe na hao wawili, kisha mpiga picha atafute mwanga mzuri ndani ya nafasi atakayopewa. Mara nyingi mambo huenda kinyume. Watu huchagua mandhari waliyoiona mtandaoni, bibi anashikwa mikono hadi mchangani, anawekwa kwenye kiti ambacho miguu yake inazama, na picha inayotoka ni ya mzee aliyechoka akiwa katikati ya watu wanaotabasamu.

Tuanze na Coco Beach, maana nitakuomba uiache, na ni haki yako kujua sababu.

Tarehe 26 Desemba ni sikukuu, na siku za sikukuu ufukwe ule hujaa watu kutoka kila kona ya jiji. Kupata pa kuegesha magari manne au matano karibu na maji ni shida, na mama atalazimika kutembea kutoka gari lilipo. Ukishampitisha kwenye mchanga, nyuma yenu kuna watu wengine wanaocheza mpira, wanaopita na mihogo, wanaojipiga picha zao. Hakuna pembe utakayogeuzia kamera ukawapata watu 19 peke yao.

Halafu hiyo saa 9. Ukiwa unatazama kwa macho, jua la saa 9 linaonekana zuri kwa sababu jicho hujirekebisha lenyewe. Kamera haina uwezo huo kwa kiwango kile. Desemba, saa 9 alasiri, jua la Dar es Salaam bado liko juu sana, karibu nusu ya safari kutoka upeo wa macho hadi utosini. Linapiga paji la uso na pua, linaacha macho gizani, na kila mtu anakunja uso. Ngozi nyeusi ndiyo inayoonewa zaidi na mwanga wa aina hiyo: sehemu zilizopigwa na jua zinang'aa kwa jasho mpaka zinakuwa nyeupe, sehemu zenye kivuli zinapotea kabisa, na ule wekundu, udhahabu au weusi mtulivu wa rangi ya mtu hauonekani popote. Mwanga laini wa kivulini ndio unaoionyesha rangi ya ngozi yetu ilivyo. Wingi wa mwanga si tatizo tena kwa kamera za leo, wala kwa simu nzuri. Kinachotafutwa ni mwanga uliotandazwa.

Sababu ya tatu ni ya kijiografia na wengi hawaifikirii. Pwani yetu inatazama mashariki. Zile picha za familia zenye jua jekundu linalozama baharini nyuma ya watu zimepigwa kwenye fukwe zinazotazama magharibi. Ukitaka hiyo, vuka uende upande wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, pale Forodhani, ambako jua linazamia majini kweli. Coco Beach jioni jua linazama nyuma ya majengo ya Oysterbay. Familia ikisimama kuipa bahari mgongo, jua la saa 11 linawaingia moja kwa moja machoni. Mwambao huu uzuri wake wa jua na maji ni wa asubuhi, nami nitaurudia baadaye kidogo, kwa ajili ya vijana wenu.

Sasa pendekezo langu. Picha kubwa ya familia ipigwe Tabata, kwenye ua wa nyumba ile aliyoijenga baba.

Najua nyumbani kunaonekana pa kawaida kwa mtu anayepaona kila siku. Lakini mwenzio anayetoka Muscat hapaoni kila siku, na wajukuu wanaolelewa Mwanza na Dodoma watakuwa na picha ya bibi yao akiwa kwake, mbele ya mlango wake, badala ya mbele ya bahari ambayo hana habari nayo. Kwa upande wa kazi yangu pia faida ni kubwa: mama hatembei zaidi ya hatua chache, choo kipo, maji yapo, mtoto mdogo atalala kitandani mpaka dakika ya mwisho, na mvua ikishuka mna baraza la kukimbilia. Hamhitaji kibali cha mtu wala ada ya kuingilia.

Mwanga wa hapo nyumbani utafute hivi. Jioni jua likiwa magharibi, nyumba yenyewe inatupa kivuli upande wake wa mashariki. Kuanzia kama saa 10 na nusu kivuli hicho ni kirefu cha kutosha kuwafunika watu safu tatu, huku anga lote lililo wazi mbele yao likiwamulika usoni kwa upole. Hiyo ndiyo studio bora kuliko zote, na kila nyumba ya Dar es Salaam inayo. Kumbuka tu kwamba Desemba jua linazama kusini kidogo ya magharibi, na Julai linazama kaskazini kidogo, kwa hiyo usipime kivuli mwezi wa saba ukadhani Desemba kitaangukia palepale. Pima mwishoni mwa Novemba au Desemba yenyewe. Nenda saa 10 na nusu, weka kiti, mkalishe mtu, mpige kwa simu, kisha rudia saa 11 na saa 11 na nusu. Picha hizo tatu zitakuambia kiti cha mama kikae wapi.

Kuhusu mwembe, uwe na tahadhari. Kila mtu hukimbilia chini ya mti, na mti wenye majani mengi yaliyoshonana kweli unafaa. Ila ukiona chini kuna madoa madoa ya jua yanayopenya, madoa hayohayo yatakuwa kwenye nyuso za watu, na hakuna uhariri utakaoyaondoa kwa watu 19. Suluhisho ni kusimama ukingoni mwa kivuli cha mti, au kuusubiri mpaka jua lishuke chini ya matawi. Tazama pia rangi ya ukuta ulio mbele ya watu. Ukuta mweupe au wa rangi ya mchanga unarudisha mwanga safi usoni. Ukuta wa bluu au kijani kibichi unawapaka watu rangi hiyohiyo mashavuni. Mkiwa na ukuta wa namna hiyo, tundikeni shuka jeupe kwenye kamba, nje ya picha, mbele ya watu. Inatosha.

Siku moja kabla, ondoeni matangi, ndoo, kamba za nguo, baiskeli na magari upande utakaoonekana. Mlango wa mbele na nguzo za baraza viacheni. Baba ndiye aliyevisimamisha.

Saa ninayoipendekeza ni kati ya saa 10 na nusu na saa 11 na nusu jioni. Mwishoni mwa Desemba alasiri inaingia saa 10 kasoro dakika chache na jua linazama kama saa 12 na dakika 38, kwa hiyo wanaoswali watakuwa wameswali alasiri na magharibi bado mbali. Mtoto atakuwa ameamka kutoka usingizi wa mchana na ameshakula. Mama atakuwa amepumzika. Waambie wote wawe wamevaa kufikia saa 10, maana kuvalisha watoto wanane hakujawahi kuisha kwa wakati nchi hii. Msingoje giza likaribie. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama, mwanga unaobaki ni wa dakika ishirini hivi, na watu 19 hawapangiki kwa dakika ishirini.

Tarehe iwe 27 au 28. Tarehe 25 na 26 jikoni kuna kazi na wageni wanaingia na kutoka. Siku ya kufika isiwe, wasafiri wana uchovu usoni. Siku ya mwisho isiwe pia, kwa sababu hamtakuwa na siku ya akiba, na Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa hazijakatika. Ukichagua 27, mwambie mpiga picha akuwekee na 28 kama akiba, mkubaliane hilo tangu mwanzo. Wingu zito bila mvua msiliogope hata kidogo. Anga la mawingu ni kivuli kimoja kikubwa, na siku hiyo mtaweza kupiga popote uani.

Bahari nayo msiinyime nafasi yake. Wale wanaoitaka, vijana, wajukuu wakubwa na ninyi ndugu sita mkipenda, mwende asubuhi ya siku nyingine. Jua linachomoza baharini kama saa 12 na dakika 5 mwishoni mwa Desemba. Mfike saa 11 na dakika 40 alfajiri, ufukwe uko mtupu, rangi za anga zinaanza kabla jua halijatokea, na kwa muda wa kama saa nzima mwanga ni wa chini na wa dhahabu. Jua likiwa nyuma yenu, mpiga picha afungue mwanga kwa ajili ya nyuso au atumie flashi kidogo, la sivyo mtatoka vivuli. Kabla ya kuchagua siku, tazama mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpya au mwezi mpevu, huku kwetu maji hujaa karibu saa 10, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya bamvua, saa 12 asubuhi maji ndiyo kwanza yanarudi nyuma na mchanga ni laini, hauna nyayo. Siku mbili au tatu baadaye, saa hiyohiyo maji yanaweza kuwa yamefika ukutani. Muulize mvuvi yeyote, au soma jedwali la maji la Bandari.

Tuje kwenye kitenge. Sare ya familia ni jambo jema na siwezi kukwambia uiache, lakini kitenge chenye maua makubwa kikivaliwa na watu 19 waliobanana, jicho la mtazamaji linashika maua kabla ya nyuso. Ninachokushauri ni hiki: chagueni kitenge kimoja kizuri, mama avae hicho, gauni zima na kilemba au mtandio wake kama anavyopenda. Ninyi watoto wake sita mvae kidogo cha kitenge hichohicho, mmoja shati, mwingine sketi, mwingine mtandio. Wakwe na wajukuu wavae nguo za rangi moja tupu, zinazotoka ndani ya kitenge hicho: kama kina buluu iliyoiva, rangi ya haradali na nyeupe ya maziwa, basi wagawane rangi hizo tatu. Mtu akiitazama picha ataanza na mama, kisha ataona nani ni mtoto wake, kisha wote kama familia moja. Wanaume wanaotaka kanzu wavae, ila mpiga picha ajue mapema. Kanzu nyeupe nyingi zinaidanganya kamera iliyoachwa ijipimie yenyewe, inadhani kuna mwanga mwingi mno, inapunguza, na nyuso zinatoka nyeusi tii. Apime mwanga kwa uso wa mtu, asipime kwa kanzu.

Msivae mistari myembamba sana wala vidrafti vidogo, kwenye kamera vinatetemeka. Rangi za kuwaka kama zile za jaketi za bodaboda zinarudi kidevuni. Fulana zenye maandishi zibaki kabatini. Na kitambaa kifike kwa fundi cherehani mapema Novemba, maana Desemba mafundi wote wa jiji wana sare za harusi na za sikukuu mezani, na ahadi ya "njoo kesho" inakuwa ndefu. Vipimo vya wa Mwanza, Dodoma na Muscat waombe sasa hivi.

Kitu kidogo ambacho huharibu picha za wazee wengi: miwani inayobadilika kuwa nyeusi mtu akitoka nje. Kama mama anayo hiyo, macho yake hayataonekana. Tafuta miwani yake ya zamani yenye kioo cha kawaida, au akae ndani mpaka dakika ya mwisho, atoke, apigwe kabla kioo hakijaiva.

Kuhusu baba. Naelewa kabisa anachokitaka mdogo wako, na najua kinatoka wapi. Bado nawasihi msimbandike. Picha ya zamani ina mwanga wake, umri wake na ukali wake; ukiichomeka kati ya watu wa leo, baba anaonekana kama aliyekatwa mahali pengine, na kila mwaka unaopita jambo hilo linaonekana zaidi. Kisha wajukuu ambao hawakumjua watadhani alikuwapo siku ile. Mama aishike picha yake mapajani, kwenye fremu. Hapo ukweli unabaki ukweli na baba yupo. Toeni kioo cha fremu kabla, kisije kikaakisi anga, na fremu ielekee chini kidogo. Mumuulize mama kwanza, faraghani, kabla ya siku yenyewe. Akisema moyo wake hautaki, picha hiyo itundikwe ukutani nyuma yake au iachwe, na asiulizwe tena mbele ya watu.

Mengine pia aulizwe yeye. Mkongojo uonekane au uwekwe pembeni? Angependa kucheka au kutulia? Wazee wetu wengi hawapendi kuonyesha meno kwenye picha, na mtu anayemwambia "Bibi, cheka" anampotezea heshima yake bila kukusudia. Mpiga picha amwamkie, akae naye kidogo, amwonyeshe picha ya kwanza aliyopiga. Uso wake utalegea wenyewe.

Kupanga watu. Mama akae kwenye kiti cha mbao kutoka sebuleni, chenye mgongo na mikono ya kuinukia, miguu yake ifike chini. Isipofika, wekeni kigoda. Viti vya plastiki vyenye nembo ya soda viwe mbali. Pembeni yake wakae wakubwa wawili au wanne, wajukuu wadogo kwenye mkeka mbele, waliobaki wasimame nyuma, na warefu kabisa wapande ngazi ya baraza ikiwa ipo upande huo. Msisimame kama darasa la saba siku ya mahafali, mabega sambamba na mikono ubavuni. Kila nyumba, yaani mume, mke na watoto wao, isogeleane, mtu aweke mkono begani kwa mwenzake, na kati ya nyumba na nyumba kusiwe na pengo. Mtoto mdogo asikae kwa bibi tangu mwanzo, mzito huyo. Apelekwe mikononi mwake mwishoni kabisa.

Jambo la wakwe lizungumzwe kabla. Hakika mtataka picha ya mama na watoto wake sita tu, na ni haki yenu. Lakini mtu akiambiwa "wewe kaa pembeni" mbele ya kamera, anaumia, hata akicheka. Tangaza usiku wa kuamkia: kutakuwa na ya wote, kisha kila nyumba na mama, kisha mama na wanawe, mama na wakwe zake, mama na wajukuu. Wakwe wakiwa na picha yao wenyewe na mama, hakuna atakayejiona mgeni.

Utaratibu uwe huo huo niliouandika: wote kwanza, mama akiwa na nguvu na watoto wakiwa wasafi. Picha ya wote itachukua kama dakika kumi na tano pamoja na kupanga. Makundi yanayofuata ni dakika tatu au nne kila moja. Panga makundi ya mama kwanza, yote yaishe ndani ya dakika arobaini, akaingie ndani kunywa chai, halafu ninyi muendelee na wajukuu peke yao, mabinti peke yao, na mengineyo. Orodha iandikwe karatasini, na mtu mmoja aite majina. Asiwe mpiga picha, hawajui watu. Asiwe wewe, utakuwa ndani ya picha. Mwombe jirani wa siku nyingi au shangazi ambaye sauti yake haipingwi.

Na simu zote zikusanywe kwenye kapu. Hili nalisema kwa msisitizo. Watu watatu wakisimama karibu na mpiga picha na simu zao, nusu ya familia itatazama kulia na nusu kushoto, na mjukuu mdogo ataitwa jina lake na kila upande. Awepo mmoja tu wa kumwita, nyuma ya bega la mpiga picha, na kitu kinacholia kidogo mkononi.

Macho yaliyofumba nayo yana hesabu yake. Nic Svenson na Piers Barnes wa Australia waliipiga hesabu hiyo, wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati mwaka 2006: kwa kundi lisilofika watu 20, gawanya idadi ya watu kwa 3 kama mwanga ni mzuri, au kwa 2 kama ni hafifu, na jibu ndilo idadi ya picha za kupiga ili ukaribie kuwa na uhakika wa kupata moja ambayo hakuna aliyefumba. Ninyi ni 19, kwa hiyo picha saba bila kuwagusa watu, na jioni sana ziwe kumi. Mimi ningepiga zaidi ya hapo kwa sababu ya huyo mdogo, ambaye hafumbi macho tu bali pia hugeuka na kuondoka.

Mpiga picha umchague kwa kumwomba akuonyeshe familia kubwa alizowahi kupiga nje, si harusi wala picha za mtu mmoja. Tazama safu ya nyuma: nyuso zinaonekana wazi kama za mbele? Kwa safu tatu tundu la lenzi lifungwe kufikia f/8 hivi, ili safu zote zionekane wazi, na kasi isipungue 1/200 ya sekunde kwa ajili ya watoto. Anayekwambia atapiga kwa f/1.8, tundu likiwa wazi sana, ili nyuma kuwe na ukungu mzuri, huyo atakuachia safu mbili ndani ya ukungu huo. Mwulize kama ana kamera ya pili endapo ya kwanza itagoma, na kama picha anazihifadhi sehemu mbili usiku huohuo.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: malipo ya awali kiasi gani, picha ngapi zitahaririwa, lini zitakabidhiwa, na kama anaruhusiwa kuziweka kwenye kurasa zake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura za watoto wenu ni za kulindwa. Mkisema hapana, ibaki hapana. Ongezeni mstari mmoja: ngozi zisisafishwe kuwa nyeupe. Wapo wahariri ambao wamezoea kumng'arisha kila mtu bila kuulizwa, na makunyanzi ya mama wanayafuta. Mwambieni aondoe chunusi ya leo, jasho na uzi uliochomoza kwenye kola. Rangi ya mama na mistari ya uso wake aiache ilivyo. Kijana akitaka kurusha ndege nyuki juu ya ua, mkumbushe kwamba inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa picha hii haina kazi.

Bajeti ikikataa mpiga picha, simu nzuri inatosha kwa kivuli kile nilichokueleza. Futa lenzi kwa kitambaa. Rudi nyuma na utumie lenzi ya mara 2, kwa sababu ile pana inawavuta na kuwanenepesha waliosimama pembeni. Iweke kwenye stendi usawa wa kifua, bonyeza na kushikilia kwenye uso wa mama mpaka ijifunge hapo, zima kila kichujio cha urembo, na mtu wa nje ya familia abonyeze.

Mafaili uyapokee kwa flashi ya kompyuta au kwa kiungo cha kupakua. WhatsApp inaipunguza picha ikitumwa kawaida. Kama lazima, itumwe kama waraka. Safisheni nakala moja kubwa ya mama, inchi 20 kwa 24 ikiwezekana, na kwa ukubwa huo faili iwe na upana wa pikseli 4,000 au zaidi. Za kila nyumba zinaweza kuwa A4. Dada wa Muscat apewe yake ndani ya mrija wa karatasi ngumu kabla hajaondoka, kwa hiyo tarehe ya kukabidhi itangulie tarehe ya ndege yake, na hilo mpiga picha alijue siku ya kwanza mnapoongea.

Ukishaenda uani na kiti saa 10 na nusu, nitumie zile picha tatu za majaribio, pamoja na ya ukuta unaotazamana na baraza. Nitakuchorea kiti cha mama kikae wapi na kamera isimame wapi.